KIJANA, UNAUZA KUNI AU UNAUZA DHIKI YA JIRANI?

Rafiki yangu unayesoma karatasi hii,

Huenda umepewa pale uwanjani kwenye mkutano, au umeikuta kijiweni juu ya benchi. Usiitupe kwanza. Sitakuuliza unasali wapi, wala jana ulikunywa nini. Nina swali moja tu la biashara: FUNGU LA KUNI LIUZWE SHILINGI NGAPI?

Najua utacheka. Utasema, mhubiri na bei ya kuni wapi na wapi? Ngoja kidogo. Vijana wengi mnakula kwa kuni. Mwingine anakata, mwingine anapasua, mwingine anabeba kwa baiskeli alfajiri na kuwapangia wateja mafungu barabarani. Na wewe usiyeuza, ule wali wa mama ntilie ulioula mchana ulipikwa kwa nini? Chini ya sufuria ile palikuwa na kuni, na kuni zile zilikuwa na bei. Kwa hiyo swali hili ni letu sote.

Tena si swali dogo. Katika Biblia kuna kitabu kinaitwa Maombolezo. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umebomolewa, watu wameuawa, waliobaki wana njaa. Katika kilio chao wakataja na jambo hili (Maombolezo 5:4): maji yao wenyewe wanayanywa kwa fedha, na kuni zao wenyewe wanauziwa. Umeona? Katikati ya misiba mikubwa namna ile, bei ya kuni nayo ikaandikwa! Mungu aliisikia. Wengine wanadhani Mungu yuko kwenye nyimbo na mahubiri tu. Yuko hata kwenye fungu la kuni.

ETI "BEI NI MAELEWANO"?

Ukiuliza kijiweni, jibu liko tayari. "Bei ni maelewano, kaka. Mimi sikumshika mtu shati. Amekubali mwenyewe, akatoa hela mwenyewe."

Maneno haya yana ukweli ndani yake, wala sitaki kukudanganya kwamba hayana. Mtu akinunua bila kulazimishwa, huo ni mwanzo mzuri. Lakini mwanzo si mwisho. Hebu fikiria jambo hili.

Ni saa mbili usiku. Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Kijana wa jirani anakuja kugonga mlango wako. Baba yake amefariki jioni ile. Uani watu wamejaa, maji yanatakiwa yachemke, akina mama wanatafuta moto, kuni zote za nyumbani zimelowa. Wewe una kuni kavu bandani. Fungu unaloliuza sh. 800 kila siku, unamtajia sh. 2,500. Anasimama kimya kidogo. Anatoa hela. Anabeba mafungu yake, anarudi msibani.

Je, mmeelewana?

Mdomo wake umesema ndiyo. Lakini angesema nini kingine? Maelewano yanataka watu wawili, na kila mmoja awe na uwezo wa kusema HAPANA na kwenda zake. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Umeshika hela yake, ndiyo, lakini usijidanganye kwamba umeshika na ridhaa yake.

Sasa tupige hesabu. Kuni ni zile zile. Banda ni lile lile. Ulikuwa ukiziuza 800. Ile 1,700 uliyoongeza, umemuuzia nini? Kuni hazikuongezeka hata ukuni mmoja. Kilichoongezeka ni shida yake. Basi umemuuzia shida yake mwenyewe! Umemuuzia msiba wake!

Mtu mmoja mwenye elimu kubwa ya mambo ya Mungu, jina lake Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alilichambua jambo hili. Alifundisha kwamba ikiwa muuzaji hapati hasara yoyote kwa kukitoa kitu chake, basi asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida nacho, maana shida hiyo si mali ya muuzaji. Na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Miaka zaidi ya 700 imepita, neno hilo bado linasimama. Kuni ni zako. Jasho ni lako. Dhiki ya jirani si yako. USIIUZE.

KWANI MVUA IKINYESHA BEI ISIPANDE?

Nakusikia ukisema, "Mhubiri, wewe hujui biashara. Masika njia ni matope, baiskeli inazama, kuni kavu hazipatikani. Niuze bei ya kiangazi nife?"

Hapana, usife. Bei inaweza kupanda na bado ikawa ya haki. Tofauti iko hapa: NI NINI KIMEPANDA? Gharama yako imepanda, au kilio cha mteja ndicho kimepanda?

Chukua mfano wa jirani zetu Kenya. Mwezi wa Februari 2018 serikali yao ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya mkaa ikapanda. Sasa wafikirie wauzaji watatu wakati kama ule. Wa kwanza inambidi aufuate mzigo mbali zaidi na kuununua kwa bei kubwa. Huyu akipandisha, amepandisha kwa haki. Wa pili ana magunia aliyoyanunua zamani kwa bei ya chini, lakini yakiisha itambidi anunue kwa bei mpya. Huyu naye ana hoja, maana stoo ikiisha bila kujazwa biashara imekufa, na wateja wake watakosa. Basi aongeze kiasi cha kumwezesha kujaza stoo yake, aishie hapo. Wa tatu anafunga mlango, anaficha magunia nyuma ya nyumba, anasema "hakuna mkaa", anangoja watu walie zaidi ndipo afungue. Huyo hauzi mkaa. Biblia inasema wazi kwamba anayezuia nafaka watu watamlaani (Mithali 11:26). Na nafaka bila moto utaitafuna mbichi?

Utajuaje wewe ni yupi kati ya hao watatu? Nakupa kipimo kimoja, hakihitaji shule kubwa. ITAMKE SABABU YA BEI YAKO MBELE YA MTEJA. Mwambie mama uso kwa uso: "Mama, leo ni elfu moja, kwa sababu mkataji ameongeza na njia ni mbovu." Inatamkika, si ndiyo? Mama atanung'unika, lakini ataelewa. Sasa jaribu na hii: "Leo ni elfu mbili na mia tano, kwa sababu baba yako amekufa na najua huna pa kwenda." Mdomo unakataa! Ulimi unakuwa mzito! Rafiki, sababu ambayo huwezi kuitamka mbele ya mnunuzi, hiyo si sababu ya haki. Ni wizi uliovaa nguo za biashara.

FUNGU LINA NINI NDANI?

Twende mbele. Bei haisimami peke yake, inasimama juu ya kipimo. Kusema sh. 800 bila kusema ni 800 ya nini, hujasema kitu.

Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Anayeununua anabeba maji, na akifika jikoni moto unafanya kwanza kazi ya kuyakausha yale maji kabla ya kupika ugali. Kuni zikipasuliwa na kuanikwa miezi kadhaa mahali penye upepo na pasiponyeshewa, maji yanapungua sana, na moto wote unakwenda kwenye sufuria. Jambo jingine: kilo moja ya kuni kavu za mti mwepesi na kilo moja ya kuni kavu za mti mzito hazipishani sana kwa joto. Lakini fungu huliuzi kwa kilo, unaliuza kwa macho. Fungu la mti mwepesi ni kubwa kwa macho, kumbe linateketea kabla maharage hayajaiva.

Wewe muuzaji unayajua haya yote. Mama anayenunua jioni, giza linaingia, mtoto mgongoni, hawezi kuyajua. Basi ukiweka kuni mbichi katikati na kavu pembeni, ukafunga fungu likawa na uwazi ndani, ukaweka ile kubwa juu na vijiti chini, bei yako haina haki hata ikiwa ndogo. Amekubali fungu aliloliona. Wewe umempa jingine.

Na usidhani madhara yake ni hela tu. Kuni mbichi ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa. Hata kuni kavu zina moshi, lakini mbichi zimezidi. Anayemuuzia mama kuni mbichi na kumwambia ni kavu, amemuuzia macho mekundu na kikohozi cha mtoto.

Serikali nayo imeliona jambo la vipimo. Tanzania kuna Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linavimba juu na kuhesabiwa gunia moja, imekatazwa. Lakini kabla ya Wakala wa Vipimo kuwako, Mungu alishasema. Alikataza mtu kuwa na vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia (Kumbukumbu la Torati 25:13-15). Mjanja unanunua kwa mkataji mzigo uliojaa, unamuuzia mama fungu lenye uwazi. Vipimo viwili hivyo! Mwanadamu hajaona, lakini Mungu ameviona vyote viwili.

Kwa hiyo funga mafungu yaliyo sawa. Kata kamba moja, itumie kwa kila fungu. Kuni kavu weka huku, mbichi weka kule, na mbichi ziwe na bei ya chini. Mteja akiuliza, sema kweli.

JASHO LA NANI LIMO NDANI YA BEI?

Wengine wakisikia "bei ya haki" wanadhani maana yake ni bei ya chini. Sivyo! Bei ndogo mno nayo inaweza kuwa dhuluma.

Tupige hesabu nyingine, tuseme mzigo mmoja wa baiskeli. Mwenye shamba umempa sh. 3,000 kwa mti wake. Aliyekata na kupasua, 4,000. Ushuru na pancha, 2,000. Siku yako nzima ya kubeba na kukaa juani, tuseme 6,000. Weka na 1,000 kwa zile zitakazolowa au kuoza. Jumla 16,000. Ukipata mafungu 20, kila fungu ni sh. 800. Hapo umeweka kila mtu aliyetoa jasho, na wewe umo.

Sasa anakuja muuzaji mwingine, analiuza fungu kama hilo kwa 400. Watu wanamshangilia, "huyu ndiye mwenye huruma!" Muulize anawezaje. Huenda ana baiskeli yake mwenyewe na shamba lake la mikaratusi, basi Mungu ambariki, amefanya kazi kwa akili. Lakini huenda mti ameukata usiku katika msitu wa hifadhi bila kibali. Huenda kijana aliyemkatia ameambiwa "njoo kesho" mara tano, na mpaka leo hajalipwa. Hapo urahisi wa bei umelipwa na mtu mwingine ambaye mteja hamwoni. Soma Yakobo 5:4, utaona kwamba ujira uliozuiwa una sauti, unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Na ukikata mti wote leo bila kuacha chipukizi wala kupanda mwingine, umeuza na kuni za mdogo wako.

NA WEWE MNUNUZI, USIJIFICHE

Mama wa kijijini ametoka alfajiri, amebeba mzigo wa kuni kichwani kilomita nyingi mpaka mjini. Sasa jua linazama. Wewe umekaa kwenye genge lako la chipsi, umemwona tangu saa tisa, ukanyamaza. Unangoja. Unajua hawezi kuurudisha mzigo ule nyumbani. Saa kumi na mbili unamwita, "Mama, hizi kuni mbaya bwana, nyembamba, nikupe elfu moja tu." Anakubali, maana watoto wanamngoja. Akigeuka tu unawaambia wenzako, "Nimeokota!"

Biblia ilishakupiga picha! Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayesema kitu ni kibaya, kisha akiondoka anajisifu. Yule mama naye alikuwa hawezi kusema hapana. Kipimo ni kile kile: sababu ya bei yako itamke mbele yake. "Mama, nakupa elfu moja kwa sababu jua limezama na umechoka." Unaweza?

"NIKIFANYA HIVYO NITAKUFA NJAA"

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, wala sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukiuza kwa haki, kuna siku utauza kidogo. Mwenzako mwenye mafungu yenye uwazi atakuwa na hela ya kijiweni na wewe huna. Watakuita mshamba. Sikuahidi kwamba ukiwa mwaminifu mwezi huu, mwezi ujao utanunua pikipiki.

Lakini pima na haya. Kwanza, mteja wa kuni anarudi kila siku. Msafiri unaweza kumdanganya mara moja akapita, ila mama ntilie wa mtaani anajua fungu la nani linaivisha maharage na la nani linatoa moshi tu. Njia ya mwongo ni fupi.

Pili, mtazame anayenunua kwako ni nani. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wenye uwezo wanahamia kwenye gesi. Atakayebaki akinunua kuni kwa fungu moja moja ni yule asiye na hela ya mtungi. Ndiyo kusema, kila siku inayopita, anayesimama mbele ya meza yako ni maskini zaidi. Kumwibia huyo ni jambo zito. Mkumbuke yule mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17), aliyekuwa akiokota kuni mbili tu ampikie mwanawe chakula cha mwisho. Mungu alimwona na vijiti vyake viwili. Atashindwa kumwona huyu wa mtaani kwako?

Tatu, hela ya dhiki inakufanya wewe uwe mtu wa namna gani? Ukizoea kufurahia mvua kwa sababu majirani watalia, ukizoea kusikia kuna msiba ukawaza bei, basi kuna kitu kimekufa ndani yako. Hicho hakinunuliwi tena kwa sh. 1,700.

BIASHARA ASUBUHI, JIONI MAHESABU

Msemo huu unaujua. Sote tunapanga meza asubuhi, na sote jioni itatukuta. Iko jioni moja ambayo Mwenye mizani atauliza bei zetu zote, na sababu zake zitatamkwa mchana kweupe.

Lakini kuna habari njema kabla ya jioni hiyo. Alikuwako mtu mmoja anaitwa Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, aliyetajirika kwa kuwatoza watu. Yesu alipoingia nyumbani kwake, Zakayo hakuishia kulia na kuimba. Alisimama akataja HESABU: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne (Luka 19:8). Toba yake ilifika mpaka kwenye bei! Hiyo ndiyo toba ninayokuitia, si ya machozi ya uwanjani peke yake.

Basi kesho asubuhi, kabla hujafungua banda, fanya haya. Fungua yale mafungu yenye uwazi, uyafunge upya. Mlipe yule kijana uliyemwambia "njoo kesho". Kama ulimtoza mfiwa kupita kiasi, unapajua kwake, mpelekee kilichozidi. Halafu iandike bei yako kwenye kipande cha boksi, uiweke mahali watu wote waione, tajiri na maskini, mfiwa na mwenye harusi, waione ile ile moja.

Na kama moyo unaona uzito, mwambie Mungu hapo hapo ulipo, huhitaji maneno ya kanisani: "Mungu, bei zangu unazijua. Nisamehe nilizoficha. Nipe nguvu ya kurudisha, na nguvu ya kuuza mchana kweupe. Yesu, ingia kwangu kama ulivyoingia kwa Zakayo."

Kisha nenda kauze kuni.